Rudi Uwaambie: Miaka Yangu 20 ya Udiwani Njombe

Kwa miezi minane mizima, nikitoka nyumbani kwenda kijiji cha jirani nilipita njia ya bondeni, ile inayokata kwenye miti ya miwati. Inaizidi njia ya juu kwa karibu nusu saa, na masika ina utelezi ambao hata vijana wanauogopa. Niliipita hivyo hivyo, viatu mkononi. Njia ya juu inapita mbele ya boma la zahanati, na mimi ndiye niliyesimama pale mwaka 2008 nikawaambia wananchi: jengeni mpaka kwenye lenta, serikali itakuja kupaua.

Walijenga kweli. Ulikuwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, na kauli yake tuliijua wote kwa moyo: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Wanawake walibeba maji kutoka kijitoni alfajiri kabla ya kwenda shamba. Vijana walifyatua tofali wakazichoma, wazee wakasomba mawe ya msingi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mwisho wa mwaka 2009 kuta zilikuwa zimesimama, lenta imefungwa. Ikaja masika ya kwanza, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Majani yakaota juu ya kuta. Watoto wakageuza chumba cha kujifungulia kuwa uwanja wa gololi. Kila nilipopita mtu aliniuliza, "Mama Diwani, bati lini?" nami nikajibu, "Lipo kwenye mchakato." Nilijibu hivyo hadi neno lenyewe likawa linanikwama kooni. Ndipo nikahamia njia ya bondeni.

Bibi mmoja wa kijiji kile alinifuata shambani kwangu. Mwaka 2012, nakumbuka, kwa sababu ndio kwanza Njombe ilikuwa imetangazwa kuwa mkoa. Nilikuwa napandishia viazi udongo. Alikuja na fimbo yake, pole pole, akakaa juu ya tuta bila kukaribishwa.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, bibi."

"Siku hizi unapita wapi? Hatukuoni."

Nikaanza kumweleza habari za bajeti, ukomo wa bajeti, mkoa mpya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Hela kutokuja tumezoea, tangu enzi za baba zetu. Wewe kutopita ndiko kunakotuumiza. Tukikuona unapita tunajua jambo letu bado lipo hai. Usipopita tunasema limekufa na mama amekwenda nalo."

Akanyanyuka, akaaga, akaondoka. Chai yenyewe hakunywa.

Nimekuwa diwani kwa miaka 20, kuanzia 2000 hadi 2020: mitano ya viti maalumu, kumi na mitano ya kata. Vijana wanaotaka kugombea huja kuniuliza waanzie wapi, na wengi wanatarajia niwaambie habari za kura. Mimi huwaambia habari za yule bibi. Kupeleka shida za watu halmashauri ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi. Nusu ya pili ni kurudi, usimame mbele yao, uwaambie ulichojibiwa, hata kama ulichojibiwa ni hapana.

Niliingia nikiwa na elimu ya darasa la saba. Sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi, na mimi Kiswahili nilikuwa nacho. Nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopeshana, naandika kila shilingi kwenye kaunta buku. Chama changu kilipotafuta wanawake wa viti maalumu mwaka 2000, wenzangu walinisukuma mbele. Njombe wakati huo ilikuwa wilaya ndani ya mkoa wa Iringa. Kata yetu ipo juu, upande wa kuelekea Makete, vijiji vitano vya viazi, mahindi, ngano kidogo, na miti: milingoti, misindano, miwati. Mwezi wa sita na wa saba umande unaganda juu ya majani, asubuhi shamba limekuwa jeupe kama limemwagiwa chumvi.

Miaka ile mitano ya mwanzo nilizika watu wengi kuliko niliowahutubia. Lazima niseme hivyo, kwa sababu vijana wa leo hawajui. Wiki moja tulizika mara nne, kijiji kimoja. Baba, kisha mama, kisha mdogo wa baba aliyemrithi mama. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulikuja kuonyesha mkoa wa Iringa, sisi tukiwa ndani yake, ndio wa kwanza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, asilimia 15.7 ya watu wazima. Tulipotengwa kuwa mkoa wetu, wa 2011–12 ukatuonyesha Njombe peke yake 14.8, wa kwanza tena. Tarakimu zilipotoka, sisi majina tulikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeyaandika.

Ndiyo asili ya daftari langu. Kaunta buku ya kwaya mbili, jalada jeusi, upande mmoja majina ya watoto waliobaki, upande wa pili nani anakaa nao. Nyumba moja ilikuwa na watoto watano, mkubwa ana miaka kumi na miwili, ndiye anayepika na ndiye anayelima. Nilikwenda na jina lake halmashauri. Nikaambiwa yatima wa kata nzima waorodheshwe kwanza. Nikarudi nikawaorodhesha. Nikaambiwa orodha ipitie kwa mtendaji wa kata. Ikapitia. Mwaka ukaisha. Yule mtoto alinisubiri kila nilipotoka mjini, anasimama kwenye kona ya barabara, hasemi kitu, ananitazama mikono. Nilijifunza pale kwamba ukitoka mikono mitupu ni lazima usimame. Nikawa nasimama. Namwambia, "Leo wamesema hivi. Nitakwenda tena tarehe fulani." Akawa anahesabu tarehe pamoja na mimi. Sare na madaftari yalipokuja hatimaye, aliyapokea kama mtu anayepokea deni lake, bila kushangaa. Leo ni fundi seremala.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa na serikali mwaka 2004. Mwanzoni ilibidi watu waende mjini, na wengi walikwenda usiku usiku wasionekane. Nilipanda nao lori la mbao, zaidi ya mara moja, nikakaa nao kwenye benchi. Wapo waliosema mama diwani naye anaumwa. Waliosema waliniumiza, sitakataa, lakini waliokuwa kwenye benchi wapo hai mpaka leo na wengine wana wajukuu.

Mwaka 2005 niligombea kata yenyewe. Wazee wawili watatu waliuliza mwanamke atalalaje safarini, na mume wake atakula nini. Baba mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alisimama kwenye mkutano akasema, "Mwanangu huyu anakula kwangu na mimi sijawahi kulala njaa." Akakaa. Watu wakacheka na hoja ikafia hapo. Uchaguzi ule ulipangwa Oktoba 30, ukasogezwa hadi Desemba 14 baada ya kifo cha mgombea mwenza wa urais wa chama kimojawapo, hivyo tukajikuta tunapiga kampeni mvua imeshaanza na watu wapo mashambani wanapanda. Wenye pesa walikuwa wanagawa chumvi, sukari na kanga, wanaita takrima, na sheria iliwaruhusu. Mahakama Kuu ilikuja kuibatilisha takrima mwaka uliofuata. Mimi sikuwa na cha kugawa. Nilichukua jembe nikawa napanda mistari miwili na kila mwenye shamba, tunaongea huku tunafukia. Nilishinda kwa kura 61. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na malengelenge siku ya kuapa.

Kisha nikakutana na kabrasha.

Baraza la Madiwani hukaa kila baada ya miezi mitatu, na kabla ya kikao diwani hupewa kabrasha: taarifa za kamati, mapato na matumizi, miradi, mihtasari. Lingine linakuwa zito kama tofali, na unalipata siku mbili tatu kabla. Wapo waliolibeba kwapani mpaka ukumbini na kulirudisha nyumbani halijafunguliwa. Nami kikao cha kwanza sikuelewa hata nusu. Nilimfuata mwalimu mmoja mstaafu kijijini kwetu, nikamwomba anifundishe kusoma jedwali. Alinifundisha kwa taa ya chemli, jioni baada ya jioni: hii safu ni kilichoidhinishwa, hii ni kilichopokelewa, hii ni kilichotumika. Tazama kwanza tofauti ya pili na ya tatu. Kisha chukua kabrasha la robo iliyopita, uliweke pembeni, uone nini kimehama. Hilo la mwisho ndilo lililoniokoa miaka yote. Nina makabrasha yangu mpaka leo, yamejaa sanduku mbili, mume wangu analalamika panya.

Robo moja nilikuta kwenye taarifa ya ujenzi: kalavati la kijiji fulani kwenye kata yangu, utekelezaji asilimia 100. Nikarudia kusoma. Asubuhi ile ile nilikuwa nimevuka pale, juu ya magogo mawili, maji yakipita chini. Nilitetemeka miguu, nasema kweli, kwa sababu waliokuwa meza ya mbele walikuwa wasomi na mimi nilikuwa nimevaa kitenge chenye tope kwenye pindo. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, ukurasa wa 47, namba 12. Nimevuka hapo leo. Hakuna kalavati." Ukumbi ukawa kimya. Mmoja akasema labda mheshimiwa diwani anazungumzia mto mwingine. Nikasema mto ni mmoja. Mwenyekiti akaagiza Kamati ya Fedha, Utawala na Mipango iende kukagua kabla ya mwezi kuisha. Nilirudi kijijini jioni ile ile nikawaambia watu: kwenye karatasi daraja letu limeshajengwa, wageni wanakuja kulitazama. Kamati ilipofika ilikuta wanakijiji zaidi ya mia moja wamekaa kando ya mto, kimya, wamevaa nguo za kanisani. Wiki tatu baadaye kalavati lilikuwepo.

Lakini nisijisifu, kwa sababu mwaka huo huo nilitenda jambo ambalo bado linaniamsha usiku.

Mwaka 2006 lilitoka agizo kila kata iwe na shule ya sekondari. Lilikuwa jambo jema; watoto wetu walikuwa wanafaulu na hakuna pa kwenda. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu, ilikaa na kupanga mchango: shilingi 10,000 kila kaya, na nguvu kazi juu yake. Muda ukawa unakwenda, madarasa yalitakiwa Januari. Kikao cha mwisho tukaandika kwenye muhtasari maneno haya: "Wasiochangia wachukuliwe hatua." Hatukuandika hatua gani. Saini ni yangu.

Mgambo walipita. Kwa mjane mmoja aliyekuwa analea wajukuu wanne, hawakukuta pesa, wakafungua mbuzi. Alikuwa na mbuzi mmoja tu, jike, mwenye mimba. Mjukuu wake wa kike alikuja kwangu usiku, anahema, amekimbia giza lote lile. Nilipofika kwa mtendaji kesho yake, mbuzi alikuwa ameshauzwa mnadani na pesa zimeshakatiwa risiti. Risiti ilikuwa safi kabisa, jina la bibi, tarehe, kiasi. Nilimchukua mbuzi wangu mwenyewe nikampeleka. Yule mama alitoka nje, akapokea kamba, akamfunga kwenye mti ule ule. Hakusema neno. Nilisimama uani kwake mpaka nikaona namzuia kufanya kazi zake, nikaaga.

Shule ilijengwa, na watoto wa kata yetu wamesoma pale mpaka vyuo vikuu. Jambo hilo halifuti lile. Tangu siku hiyo, katika kamati yangu, kabla ya kupanga mchango wowote tulisoma kwanza majina ya kaya zisizoguswa: wajane wenye yatima, wazee, wagonjwa. Majina yalisomwa kwa siri ndani ya kamati, hayakubandikwa ukutani, maana nilishaona mtu anavyokufa kwa aibu kabla ya njaa. Na neno "hatua" sikulitia saini tena bila kuuliza hatua ipi, atakayeichukua ni nani, na kwa nani.

Sasa nirudi kwenye boma.

Baada ya yule bibi kuja shambani, niliitisha mkutano. Nilikwenda na kabrasha lenyewe, na kwa njia ya juu. Niliwasomea mstari kwa mstari: mwaka wa kwanza zahanati yetu iliingizwa kwenye bajeti, fedha haikuja. Mwaka wa pili iliingizwa, ikaja pungufu, ikapelekwa kwenye jengo lingine lililokuwa limefikia mbali zaidi, na mimi kwenye kikao nilipiga kura ya kukubali hilo. Nilidhani watanizomea kwa hilo la mwisho. Mzee mmoja aliuliza kile kijiji kingine kama kimeshafungua zahanati. Nikasema kimefungua. Akasema, "Basi fedha ilifanya kazi. Sasa yetu inabaki kiasi gani?" Nikawatajia. Ilikuwa mara ya kwanza kiasi hicho kutajwa mbele yao. Miaka mitatu nilikuwa nimekifunga kwenye mkoba wangu kama siri ya ukoo.

Wakakaa chini ya mti kwa saa mbili hivi. Mwishowe wakaamua wenyewe: kijiji kina msitu wa misindano, uliopandwa na wazazi wao, wavune nusu, wauze mbao, wanunue mbao za kenchi na bati za upande mmoja, halmashauri ikamilishe upande wa pili. Wazo hilo halikutoka kwangu. Ningelibuni mimi lingeonekana ni kuwauzia msitu. Niliandika uamuzi wao, nikaupeleka. Ukiwa na barua inayosema wananchi wameshapaua nusu, ni vigumu sana mtu kukuambia usubiri. Mwaka 2014 bati zote zilikuwa juu. Mwaka 2015, mwezi wa tatu, mtoto wa kwanza alizaliwa pale, mvua inapiga juu ya bati hizo, na mama yake alikuwa mmoja wa wale wasichana waliobeba maji ya tofali.

Vita ambayo sikuishinda ni ya lumbesa. Kwa asiyelima viazi nieleze. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kofia: viazi vinapangwa juu kwa duara, kimoja kimoja, vinafungwa kwa wavu na kamba, kijana anapanda anakanyaga, wanaongeza tena. Linasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Mkulima analipwa gunia moja. Siku moja niliazima mizani, nikapima moja lililokuwa linapakiwa kwenye Fuso: kilo 142. Sheria ya Vipimo inajulikana, gunia lisizidi kilo 100. Zile 42 mkulima amezilima, amezinyunyizia dawa ya ukungu, amezichimba, amezibeba mgongoni mpaka barabarani, na zinaondoka bure.

Tulitaka sheria ndogo yetu wenyewe. Inapita vijijini kwa maoni, inapita kwenye kamati, inapita Baraza, inapelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe, inatangazwa. Tukaweka vijana getini. Wiki mbili za kwanza magari yalipungua, na wanunuzi wakahamia maeneo ya jirani. Ilikuwa Januari, ada na sare. Wakulima wangu mwenyewe walinifuata usiku, wanaume wazima, wakiniomba nigeuze uso upande wa pili kwa wiki moja tu. Mmoja alikuwa na mtoto anayekwenda kidato cha tano na viazi vinaota ndani. Sikugeuza uso, lakini wao walitoa magunia kwa njia za porini, na sikuwa na moyo wa kuwatuma mgambo tena. Mpaka leo naamini lumbesa haiwezi kufa kwenye kata moja wala wilaya moja. Inahitaji Njombe, Makete, Mbeya na Iringa zifunge siku moja, na inahitaji mkulima awe na pa kuhifadhi viazi ili asilazimike kuuza siku anayotaka mnunuzi. Hilo nimelisema kwenye kila kikao nilichokaa na nitaendelea kulisema.

Habari za pesa watu wanapenda kuuliza. Posho ya diwani ilitegemea mapato ya halmashauri, na ikichelewa inachelewa. Serikali kuu ilianza kuzilipa kwa halmashauri zenye mapato madogo mwaka wa fedha 2021/22, mimi nimeshatoka. Msiba, harusi, nauli ya mgonjwa, yote yanaanza kwako. Nililea familia kwa viazi. Binti yangu wa pili alijifungua mtoto wake wa kwanza nikiwa mjini kwenye kamati, na nilifika siku ya tatu. Amenisamehe. Mimi bado.

Miaka ya mwisho kazi ilibadilika sura. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianza mwaka 2017 ikachukua barabara zetu; RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019 ikachukua maji. Kwa utaalamu, naona ilikuwa sahihi. Wahandisi wamekaa mahali pamoja. Ila mwananchi haji ofisi ya TARURA, anakuja kwa diwani alfajiri, na diwani hana tena kikao cha kumsimamisha mhandisi na kumuuliza kama nilivyouliza lile kalavati. Nilijikuta mwombaji. Nilikwenda, nikaomba, nikarudi, nikasema nilichoambiwa.

Mwaka 2020 sikuchukua fomu. Magoti yalikuwa yamechoka na niliona vijana wawili watatu wenye uwezo. Kabla Baraza halijavunjwa nilimwomba mtendaji anipangie mikutano mitano ya mwisho, kijiji kwa kijiji. Nilikwenda na daftari, la saba sasa, na kwenye kurasa za nyuma nilikuwa nimekusanya mambo yote niliyowahi kuahidi au kutumwa ambayo hayakufanyika. Yalikuwa 19. Watu walikuja wakidhani wanakuja kuaga, wengine na kuku, wengine na vitenge, na ulanzi ulikuwepo.

Kijiji cha mwisho kilikuwa kile cha zahanati. Nilisimama kwenye baraza lake nikaanza kusoma. Ya kwanza, kisima cha kitongoji cha juu: sikukipata, kwa sababu hii na hii, jalada lipo RUWASA. Ya pili, mpaka wa kijiji na msitu. Ya tatu. Ya nne. Kulikuwa kimya, wanaandika wenye kuandika. Nilipofika ya kumi nilimwona yule bibi mstari wa mbele, fimbo kati ya magoti, macho amefumba. Nilidhani amesinzia. Nikasoma ya kumi, nikafunua ukurasa, nikasoma ya kumi na mbili.

Akafumbua macho. "Mama Diwani, ya kumi na moja umeiruka."

Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana. Nikalowesha kidole, nikazitenganisha, nikarudi nikaisoma.